Futi 25 kwa 125

Kiwanja cha kawaida cha nyumba mjini Chicago kina upana wa futi 25 na urefu wa futi 125. Kwa mita ni kama 7.6 kwa 38. Mbele kinatazama mtaa, nyuma kinapakana na uchochoro wa kupitishia magari ya taka, na kushoto na kulia kimebanwa na majirani. Kipimo hicho kilirudiwa katika karne ya 19 mtaa baada ya mtaa, na ndicho kilichoipa Chicago nyumba zake ndefu nyembamba za matofali, zenye ngazi za mbao upande wa nyuma na madirisha ya ubavuni yanayotazamana na ukuta wa jirani.

Ukienda upande wa kusini au wa magharibi wa jiji, mpangilio huo unaanza kung'oka meno. Nyumba tatu zimesimama, kisha viwanja viwili vitupu, kisha nyumba moja, kisha viwanja vinne vitupu. Majani yamefika magotini. Katikati kuna kijia chembamba kilichopigwa na miguu ya watu wanaokata kona kwenda kituo cha basi. Wenyeji wanakumbuka nani alikaa pale, lakini mwenye kiwanja leo, mara nyingi, ni jiji lenyewe.

Mwaka 2021 jiji lilikuwa likimiliki zaidi ya viwanja 10,000 vya namna hiyo. Piga hesabu kwa kipimo nilichokitaja na utapata hekta 290 hivi. Grant Park, bustani kuu ya mbele ya ziwa inayoonekana kwenye kadi za posta za Chicago, ina takriban hekta 130. Maana yake ni kwamba jiji lilikuwa na Grant Park nyingine mbili na ziada, zimekatwa vipande vidogo na kutawanywa katika mitaa ya watu wenye kipato kidogo, na hakuna aliyezihesabu kuwa bustani.

Aliyezihesabu ni David Brown, mwalimu wa usanifu majengo katika University of Illinois Chicago. Kwa miaka mingi alikuwa akichora na kuandika juu ya viwanja hivyo, na wazo lake lilikuwa jepesi kulielewa. Badala ya kulilia bustani moja kubwa ambayo jiji halitaijenga, viwanja vyote vichukuliwe kama kitu kimoja. Anayetaka kujenga juu ya kiwanja cha jiji apewe nafasi hiyo, ila atoe sehemu itakayotumiwa na watu wote, iwe chini, iwe juu ya paa, iwe baina ya jengo na jengo. Kidogo kidogo, kiwanja kwa kiwanja, mtaa ungejipatia sehemu za kukutania ambazo hakuna ramani kuu iliyowahi kuzipanga. Mradi huo aliuita The Available City, yaani jiji ambalo bado lina nafasi.

Jina hilo ndilo lililopewa toleo la 4 la Chicago Architecture Biennial, tamasha la usanifu linalofanyika kila baada ya miaka miwili, Brown alipoteuliwa kuliongoza. Tamasha lilikuwa limeanza mwaka 2015, na katika matoleo ya mwanzo moyo wake ulikuwa Chicago Cultural Center, jengo la mwaka 1897 lililokuwa maktaba kuu ya umma, lenye kuba la vioo vya rangi vya Tiffany. Ni jengo zuri mno, na halitozi kiingilio. Hata hivyo, mtu wa upande wa magharibi alilazimika kupanda treni kwenda katikati ya jiji ili akaone mifano ya mbao na karatasi ikijadili maisha ya mijini. Mwezi Septemba 2021 mambo yaligeuka. Sehemu kubwa ya tamasha ilihamia viwanjani, North Lawndale, Englewood, Pilsen, Bronzeville na kwingineko, na wasanifu kutoka nchi mbalimbali walikaa pamoja na vikundi vya mitaa hiyo kuamua kijengwe nini. Ulikuwa pia mwaka wa pili wa korona, wakati ambapo kila mtu duniani alikuwa amejua thamani ya kukutana nje.

North Lawndale inastahili tukae nayo kidogo, kwa sababu bila kujua viwanja vilipatikanaje, mtu anaweza kudhani utupu wake umetoka mbinguni.

Mwaka 1950 asilimia 13 tu ya wakazi wa North Lawndale walikuwa Wamarekani Weusi. Mwaka 1960 walikuwa asilimia 91. Katika miaka hiyo kumi madalali waliwatisha Wazungu kwamba Weusi wanakuja na bei zitaporomoka, wakawanunulia nyumba zao kwa bei ya kutupa, kisha wakaziuza kwa familia za Weusi kwa bei ya juu sana. Familia hizo hazikuweza kwenda benki. Tangu miaka ya 1930 ramani za taasisi za serikali kuu zilikuwa zimeipaka mitaa yao rangi nyekundu, kwa maana ya eneo la hatari, na mkopo wa nyumba haukupita hapo. Kwa hiyo walinunua kwa mkataba wa malipo ya kila mwezi, na hati ilibaki kwa muuzaji hadi senti ya mwisho ilipwe. Ukikosa mwezi mmoja, nyumba inarudi kwake pamoja na yote uliyokwisha kulipa, naye anaiuza tena kwa mwingine. Mwaka 1968 wanunuzi hao waliungana katika chama chao, Contract Buyers League, wakagoma kulipa na kwenda mahakamani. Baadhi walifanikiwa kubadilishiwa mikataba. Wengi walikuwa wamekwisha kupoteza nyumba.

Mwezi Januari 1966 Martin Luther King alihamia mtaa huo na familia yake, akapanga chumba cha ghorofa kwenye South Hamlin Avenue ili dunia ione hali ya makazi ya Weusi wa kaskazini mwa nchi. Alipouawa Aprili 1968, hasira iliwaka upande wa magharibi na maduka mengi yakateketea kwa moto. Sears, kampuni kubwa iliyokuwa na makao yake makuu hapo tangu mwanzo wa karne ya 20, ilihamia mnara wake mpya katikati ya jiji katika miaka ya 1970. Viwanda vilifungwa. Nyumba zilizoachwa ziliharibika, kodi zikalimbikizwa, jiji likabomoa. Watu waliokuwa takriban 125,000 mwaka 1960 walibaki kama 35,000 katika sensa ya 2020. Hata jengo alilokaa King lilibomolewa, na kwa miaka mingi mahali pake palikuwa kiwanja kitupu kama vingine, mpaka mwaka 2011 yalipojengwa makazi mapya ya bei nafuu yenye jina lake.

Kila kiwanja kitupu, basi, kina historia ya fedha iliyochukuliwa mifukoni mwa watu. Msanifu anayefika na michoro yake mizuri anasimama juu ya deni hilo, na toleo la 2021 linastahili sifa kwa kuwa halikujifanya halilioni.

Waliojenga walijenga nini? Nitaeleza kazi mbili.

Ya kwanza ni ya Outpost Office, ofisi ya wasanifu wawili kutoka Ohio, Ashley Bigham na Erik Herrmann. Hawakujenga kitu. Walichukua mashine inayojiendesha yenyewe kwa kuongozwa na setilaiti, ile wanayoitumia wenye viwanja vya michezo kuchora mistari ya mpira, wakaiagiza ichore juu ya majani ya uwanja wa wazi North Lawndale. Mashine yenyewe si kubwa kuliko mkokoteni wa mkono. Inakwenda polepole, inapuliza rangi, inageuka, inarudi. Ilipomaliza ilikuwa imefunika takriban mita za mraba 1,850 kwa michoro ya rangi iliyofuata mpangilio wa gridi ya jiji na kuuvunja hapo hapo. Ni kama viwanja sita vya kawaida vimeunganishwa kuwa kimoja. Rangi hiyo haidhuru majani. Mvua ikinyesha, majani yakikua na kukatwa, inakwenda zake. Naipenda kazi hii kwa sababu moja mahususi: mstari uliochorwa ardhini unawaambia watu kwamba hapa wanaruhusiwa kuingia. Kiwanja kitupu chenye magugu kinamfukuza mtu bila ukuta wala kibao. Kiwanja chenye mistari, hata kama mchezo wake haujulikani, kinamwita mtoto aje auvumbue.

Ya pili iliitwa Soil Lab, na iliongozwa na kundi la wabunifu waliotoka Denmark na Ireland. Hao waliushika udongo. Walijenga kuta za udongo wa kushindilia: unachukua udongo wenye mfinyanzi kiasi, mchanga na kokoto, unaumwaga ndani ya fremu ya mbao tabaka moja, unaushindilia hadi ulale, unaongeza tabaka lingine, na ukitoa fremu unabaki na ukuta wenye mistari ya tabaka zake kama ulivyopangwa. Wakazi walishiriki pia katika warsha za kufinyanga matofali na vigae. Chicago ni mji wa matofali. Yale ya kawaida yaliyofinyangwa kwa mfinyanzi wa huko huko yanatafutwa hadi leo, na nyumba ya North Lawndale ikibomolewa, matofali yake husafishwa, hupangwa kwenye mbao na kusafirishwa kuuzwa majimbo mengine, yakapambe migahawa na kuta za bustani za watu wengine. Kumkaribisha mkazi wa mtaa huo afinyange tofali na libaki hapo hapo, juu ya kiwanja ambacho matofali yake yamekwisha kuondoka, ni tendo lenye uzito kuliko maelezo mengi ya maonyesho niliyowahi kuyasoma.

Udongo wa viwanja hivyo una mambo yake pia. Nyumba inapobomolewa, mara nyingi kifusi hufukiwa ndani ya shimo la chini ya nyumba, kisha hutandazwa udongo kidogo juu. Ukichimba kwa koleo unakutana na vipande vya matofali, vioo, misumari, na rangi za zamani zenye madini ya risasi. Ndiyo maana wakulima wa bustani za mitaa ya Chicago hupanda mboga ndani ya vitanda vya mbao vilivyoinuliwa na kujazwa udongo wa kununua. Mtu anayeona vitanda hivyo anaweza kudhani ni urembo tu. Ni kinga.

Kabla ya toleo hilo la 2021, msanii na msanifu Amanda Williams, aliyekulia upande wa kusini, alikuwa ameonyesha njia nyingine ya kuvitazama viwanja. Katika Color(ed) Theory, kazi iliyoonekana kwenye toleo la kwanza la 2015, alipaka nyumba 8 za Englewood zilizosubiri kubomolewa rangi moja moja, na kila rangi aliitoa kwenye kitu cha maisha ya kila siku ya Weusi wa Chicago: zambarau ya mfuko wa Crown Royal, wekundu wa mgahawa wa kuku wa Harold's. Aliifanya kazi hiyo na jamaa na marafiki. Nyumba ambazo watu walipita bila kuzitazama zilitazamwa kwa mara ya mwisho. Wasanifu wa 2021 walianzia pale Williams alipoishia, baada ya nyumba kuondoka.

Sasa nifike kwenye linalonikera. Tamasha lilifungwa Desemba 18. Rangi ya mashine ilikuwa imepangiwa kufutika. Baridi ya Chicago hugandisha maji ndani ya ardhi, na ukuta wa udongo usiotunzwa hauipendi hata kidogo. Mwaka 2023 lilikuja toleo lingine, na viongozi wengine, na mada nyingine. Hiyo ndiyo tabia ya matamasha. Kiwanja, kwa upande wake, kinaota majani kila mwezi wa Mei, kuwe na tamasha au kusiwe.

Na jambo la kuumiza ni kwamba Chicago inajua vizuri jinsi ya kuifanya ardhi iwe ya wote kwa muda mrefu. Ilijua hata kabla ya kuwa jiji. Mwaka 1836, makamishna waliosimamia uuzaji wa viwanja ili kugharimia mfereji wa Illinois na Michigan waliandika kwenye ramani yao, juu ya kipande cha ardhi kati ya Michigan Avenue na ziwa, kwamba hapo ni ardhi ya umma na pabaki wazi daima, bila jengo wala kizuizi chochote. Yalikuwa maneno machache tu kwenye ramani, na kwa muda mrefu hayakuheshimiwa. Reli ilipita mbele yake, vifusi vya moto mkubwa wa 1871 vikamwagwa ziwani, vibanda vikaota.

Kilichoyapa maneno hayo nguvu ni ubishi wa mfanyabiashara mmoja. Aaron Montgomery Ward, tajiri wa kuuza bidhaa kwa katalogi, alikuwa na ofisi Michigan Avenue, akitazama uchafu huo dirishani. Mwaka 1890 alikwenda mahakamani, na kwa takriban miaka 20 alirudi tena na tena kila jiji au wakubwa wenzake walipotaka kujenga humo. Aliandamwa na magazeti. Wenzake walimwona mpinga maendeleo, hasa alipolikataa jumba la makumbusho la Field, ambalo wengi walilitaka liwe katikati ya Grant Park. Alishinda, na jumba hilo likaenda kusimama kusini ya bustani, likafunguliwa mwaka 1921. Nguvu ya hukumu zake ipo hadi leo: Millennium Park ilipojengwa na kufunguliwa mwaka 2004, jukwaa la muziki la Frank Gehry, lenye mabati makubwa yaliyokunjwa juu yake, ilibidi lihesabiwe kuwa kazi ya sanaa badala ya jengo ili sheria iruhusu kimo chake.

Ufuko wa ziwa, kwa hiyo, ulipata maandishi, na ukapata mtu mwenye fedha za mawakili na dirisha la kuuchungulia. Viwanja 10,000 vya kusini na magharibi havikuandikiwa chochote. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka ionekane, kwa sababu wasanifu, na nawapenda, wana tabia ya kudhani kwamba mahali pakichorwa vizuri patajilinda penyewe.

Jiji limejaribu njia nyingine. Mpango wa Large Lots, ulioanza mwaka 2014 Englewood, ulimruhusu mwenye nyumba kununua kiwanja kitupu cha jiji kwenye mtaa wake kwa dola 1. Bibi aliyekata majani ya kiwanja cha jirani kwa miaka 20 bila malipo akapata hatimaye kukiita chake. Ni haki, na ilichelewa. Lakini kiwanja hicho sasa kina mwenyewe, na anaweza kukizungushia ua. Mtaa umepata jirani aliyetulia, haujapata mahali pa kukutania.

Ugumu wa kushirikiana mahali haufichiki hata kidogo mitaani humo. Kona nyingi za upande wa kusini na magharibi zina kibao cha chama cha mtaa, vyama ambavyo vimekuwepo Chicago kwa karibu karne nzima. Kibao kinawakaribisha wageni, kisha kinaorodhesha makatazo: hakuna kuosha gari, hakuna kucheza mpira, hakuna muziki wa juu, hakuna kuzurura. Kijana anayekisoma anahisi kimeandikwa kumhusu yeye, na pengine ndivyo. Lakini walioandika ni wazee wale wale wanaoomba kibali cha kufunga mtaa siku moja ya kiangazi, wakatoa meza na majiko ya kuchoma nyama, na watoto wakakimbia barabarani mpaka jioni. Msanifu Germane Barnes, mzaliwa wa Chicago, aliishika sherehe hiyo katika tamasha la 2021 kwa jengo alilolipa jina lake hasa, Block Party. Aliona sawasawa. Sherehe ya mtaa ni usanifu wa mahali pa pamoja uliokomaa kuliko mchoro wowote, na una tarehe, kibali, watu wa kusafisha, na mtu wa kulaumiwa kukiharibika kitu.

Kama nikiulizwa mfano ninaoutaka ufuatwe, nitataja shirika lisilo na mbwembwe linaloitwa NeighborSpace. Lilianzishwa mwaka 1996 kwa ushirikiano wa jiji, idara ya bustani za umma na idara ya hifadhi za misitu ya Cook County, na linasimamia bustani za jamii zaidi ya 100. Kazi yake ni kushika hati. Majirani wanalima, wanapanga zamu, wanagombana juu ya nyanya za nani zimechumwa na nani. Shirika linamiliki ardhi ili isije ikauzwa bustani ikishapendeza na bei ya mtaa ikishapanda, linalipia bima ili mtoto akianguka kusiwe na jirani wa kufilisiwa, na linasaidia katika suala la maji. Maji ndiyo kesi ya kila siku. Bustani nyingi hazina bomba lake, zinategemea bomba la zimamoto la mtaani kwa kibali, na mpira mrefu wa kumwagilia unaovutwa kando ya njia ya miguu. Bustani bila maji mwezi wa Julai inakufa kwa wiki mbili, iwe ilichorwa na nani.

Kwa hiyo natamani tamasha lolote la mji linaloingia kwenye kiwanja cha watu lifike na mambo matatu kabla ya mchoro: hati iko kwa nani, bima inalipwa na nani, na maji yanatoka wapi. Toleo la Brown lilikaribia hapo kuliko tamasha lingine ninalolifahamu, kwa sababu lilifanya kazi na vikundi vilivyokuwepo kabla yake na vilivyobaki baada yake. Lisogee hatua moja zaidi. Litenge sehemu ya bajeti kwa ajili ya bomba na bima ya kila kiwanja linachokigusa, kwa miaka 10 ijayo. Wasanifu watabaki na fedha kidogo zaidi za mbao na rangi, nami naiona hiyo kuwa bei ya haki.